Ajira: Mtoto wa Eastlands ahesabiwe wapi?

Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule. Siku hizi methali hiyo imevalishwa suti na kupelekwa katika kumbi za hoteli. Humo, maafisa wanaosimamia wafanyakazi huketi kutwa nzima wakifundishwa kwamba kila binadamu ana upendeleo fiche, yaani upendeleo uliojibanza moyoni bila ya mwenyewe kuutambua, na kwamba upendeleo huo humfanya amwajiri mtu wa kwao na kumwacha mwingine mwenye sifa zizo hizo. Jioni hupewa vyeti na kurejea walikotoka.

Kando ya semina hizo ipo dawa ya pili, nayo ni ya kisheria. Hii hutaka ajira igawanywe kwa mizani ili kila afisi ya umma iwe na sura ya Kenya, wala isiwe na sura ya ukoo wa mkubwa wake.

Dawa hizi mbili zimezua ubishi mkali duniani. Serikali ya Uingereza ilitangaza mnamo Desemba 2020 kwamba ingeyaondoa mafunzo ya upendeleo fiche katika utumishi wake. Nchini Marekani, Rais Donald Trump alitia sahihi amri mnamo Januari 2025 za kukomesha mipango ya ajira ya mseto katika serikali ya shirikisho. Wapo wanaouliza iwapo nasi tusiufuate mkondo huo. Mimi si miongoni mwao. Lakini pia siamini kwamba dawa hizi, kwa jinsi tunavyozitumia, zinamfikia mgonjwa. Ningependa tuzipime kutoka mahali ambapo ugonjwa wenyewe unaonekana wazi, nako ni katika mitaa ya mashariki ya Nairobi.

Eastlands yenyewe ni zao la sera ya ajira. Mkoloni alimhitaji Mwafrika katika reli, viwanda na majumba yake, ila hakumtaka awe mwenyeji wa mji. Wazungu walijitwalia miinuko ya magharibi na kaskazini, Waasia wakapata Ngara, Parklands na Eastleigh, na Mwafrika akasukumwa mashariki: Pumwani katika miaka ya 1920, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati na kwingineko. Nyumba nyingi za awali zilikuwa za mwanamume mmoja na kitanda chake, kana kwamba mfanyakazi hana mke wala watoto. Mshahara nao ulifuata rangi. Katika utumishi wa serikali, kwa muda mrefu Mwasia alilipwa tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu, na Mwafrika akalipwa chini ya hapo.

Kisha ikaja zamu ya kabila. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wenzao, na maelfu yao wakapelekwa vizuizini. Nafasi zao za kazi hazikubaki wazi. Waajiri walizijaza kwa watu wa jamii nyingine. Mtu aliweza kuipoteza kazi au kuipata kwa sababu ya kabila lake tu, wala hapakuwa na haja ya kuulizwa anachojua kufanya.

Nayaeleza haya ili mwanafunzi asidhani kwamba upendeleo kazini ni tabia iliyoota yenyewe katika nyoyo zetu. Ulipangwa na kuandikwa katika kanuni, na ukajengewa nyumba. Jambo lililopangwa na wanadamu hupanguliwa kwa mpango mwingine, wala halitatoweka kwa mawaidha matupu.

Baada ya uhuru mashariki ilipanuka: Buruburu, Umoja, Dandora, Kayole. Katika mitaa hii Wakenya walichanganyika kuliko popote. Watoto waliozaliwa humo walijifunza Kiswahili uani, wakakiunda upya kwa maneno ya Kiingereza, Kikuyu, Kidholuo na Kikamba, nayo Sheng ikazaliwa. Nisieleweke kwamba nayasifu mno makazi haya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, damu ilimwagika Mathare na Huruma kama ilivyomwagika kwingineko nchini, na zaidi ya watu 1,100 wakafa katika taifa zima. Hata hivyo, ni humu ambamo utamkuta kijana ambaye baba ni Mluhya, mama ni Mkamba, na yeye mwenyewe hajui lugha ya yeyote kati yao.

Kijana huyo anapoandika barua ya kuomba kazi, mambo matatu humtangulia kabla ya alama zake. La kwanza ni jina. Otieno, Wanjiku, Mutua, Wafula, Chebet: msomaji Mkenya hahitaji kuambiwa zaidi. La pili ni mtaa anakoishi. Ukiandika kwamba unaishi Dandora, kuna msomaji atakayeliona jaa la taka kabla ya kukiona cheti chako. La tatu ni ulimi. Katika mahojiano, lafudhi ya Sheng huchukuliwa na wengi kuwa ushahidi wa uhuni, ilhali lafudhi ya mtoto aliyesomea shule za bei ghali huchukuliwa kuwa ushahidi wa akili.

Huu si uzushi wa wanyonge. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004, wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma wasifu wa kubuni upatao 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zilikuwa sawa, majina tu ndiyo yaliyotofautiana. Wale wenye majina yanayosikika kuwa ya Wazungu waliitwa kwa kiasi cha nusu zaidi ya wale wenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi. Anwani pia ilikuwa na uzito wake: aliyeandika mtaa wenye nafuu aliitwa zaidi.

Wala walimu wa Kiswahili tusijitoe katika lawama. Tunapotaka kufundisha haki darasani, huwapa wanafunzi methali isemayo, "Mgala muue na haki yake mpe." Tunaieleza maana yake ya juu na kuendelea na somo. Ni nadra kusimama na kuuliza Mgala huyo ni nani. Ni Moromo, jirani yetu, aliyebandikwa jina ambalo yeye mwenyewe halipendi, na katika methali hiyo anauawa kwanza ndipo apewe haki yake. Basi ikiwa hata msemo wetu wa kusifu uadilifu umebeba dharau ya kabila, ni nani awezaye kusimama na kudai kwamba ulimi wake ni safi?

Hadi hapa nakubaliana na wenye semina. Upendeleo fiche upo. Tofauti yetu inaanza pale wanaposema kwamba mtu akishauona moyoni mwake atauacha. Ushahidi unawapinga. Mnamo tarehe 29 Mei 2018, kampuni ya Starbucks ilifunga mikahawa yake zaidi ya 8,000 nchini Marekani kwa saa kadhaa ili wafanyakazi wafunzwe kuhusu ubaguzi. Mwaka uliofuata, wanasaikolojia walichapisha uchanganuzi wa tafiti 492 zilizojaribu kubadili upendeleo fiche. Waligundua kwamba vipimo vya upendeleo huweza kubadilika kidogo, lakini mabadiliko hayo hayakuonekana kubadili matendo ya watu. Mtu hutoka seminani akijua jina la kasoro yake, na kesho yake humwita mpwa wake kazini kama kawaida.

Humu nchini nako kuna funzo kubwa zaidi. Wanauchumi kadhaa waliwapima wakazi wa Nairobi kwa michezo ya kugawana fedha na kwa vipimo vya upendeleo fiche, na katika makala yao ya mwaka wa 2020 wakaeleza kwamba dalili za upendeleo wa kikabila walizozipata zilikuwa chache mno. Msomaji anaweza kushangilia na kusema kwamba ukabila umekwisha. Asubiri kidogo.

Mwanauchumi mwingine, Jonas Hjort, alichunguza kumbukumbu za kazi za shamba moja la maua humu humu Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2014. Wafanyakazi walipangwa watatu watatu: mmoja akigawa maua, wawili wakiyafunga mafungu. Mgawaji alilipwa kulingana na jumla ya kazi ya wenzake wawili, kwa hivyo faida yake ilikuwa ni kuwapa wote maua ya kutosha. Hata hivyo, alimpunguzia asiye wa kabila lake na kumzidishia aliye wa kabila lake, ijapokuwa kwa kufanya hivyo alijipunguzia ujira mwenyewe. Mapema mwaka wa 2008, nchi ilipokuwa ikiwaka, ubaguzi huo ulizidi. Majuma machache baadaye wasimamizi walibadili malipo, wafungaji wawili wakawa wanalipwa kwa kazi yao kwa jumla. Kumzidishia mmoja maua hakukumfaa tena kuliko mwenzake. Tofauti baina ya wafungaji hao ikafifia, na kazi ya vikundi vya makabila mseto ikaongezeka.

Mwalimu, tafadhali litafakari jambo hilo pamoja na wanafunzi wako. Sidhani kwamba nyoyo za wagawaji wale zilitakasika katika majuma machache ya mwaka ule mchungu. Kilichobadilika ni utaratibu wa malipo. Upendeleo ulikosa mahali pa kupenya, nao ukapungua.

Sasa tuitazame dawa ya pili. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka wa 2008, iliyotungwa majivu ya ghasia yakiwa bado moto, inasema kwamba hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 232, inataka uteuzi katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na sifa, lakini pia uwakilishi wa jamii mbalimbali, wanawake kwa wanaume, na watu wenye ulemavu. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini zijazwe na watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo.

Wapinzani husema kwamba mizani hii inaua sifa, na kwamba mgonjwa hujali ujuzi wa daktari, hajali kabila lake. Hoja hiyo ina utamu wake, ila inasahau jambo moja. Sifa hupimwa miongoni mwa wale walioomba, na walioomba ni wale waliopata habari. Nafasi inapotangazwa kwa simu za jioni baina ya watu wa kijiji kimoja, mshindi huweza kweli kuwa bora kuliko wote, maadamu "wote" hao ni binamu saba. Kwa hiyo naitetea mizani. Bila sheria hizo tungekuwa na afisi ambamo mtu hahitaji Kiswahili wala Kiingereza kuhudumiwa, mradi tu ajue lugha ya mkubwa.

Lakini mizani yetu ina dosari mbili. Ya kwanza ni kwamba theluthi ni kipimo kipana mno. Tume ya Uwiano na Utangamano ilipoukagua utumishi wa serikali, katika ripoti iliyotolewa mwaka wa 2011, ilikuta Wakikuyu wakiwa kiasi cha asilimia 22 na Wakalenjin kiasi cha asilimia 17, ilhali katika sensa ya 2009 jamii hizo zilikuwa takriban asilimia 17 na 13 za Wakenya. Kwa jumla, hakuna jamii iliyovuka theluthi, na hata hivyo kuna zilizozidishiwa na kuna zilizopunjwa. Sheria imeweka dari, haikuweka sakafu.

Dosari ya pili ndiyo inayonikera zaidi, nayo inamhusu kijana wetu wa Kayole. Mizani yote hii huhesabu asili ya baba. Fomu za kuombea kazi za umma humuuliza mtu kabila na kaunti ya nyumbani, na kwa desturi yetu nyumbani si pale ulipozaliwa na kusoma, ni pale alipozikwa babu. Kijana aliyelelewa Kayole, akasoma Kayole, akaugua na kupona Kayole, anaandikwa kuwa wa Kakamega au wa Siaya. Hapo huhesabiwa sawa na mwana wa mkurugenzi aishiye Lavington ambaye baba yake pia ni wa Kakamega au Siaya. Mwana wa mkurugenzi akipata nafasi, jamii yao imewakilishwa, hesabu imetimia na ripoti imependeza. Yule wa Kayole amefungiwa nje na mizani iliyotengenezwa kumfungulia.

Katika uandikishaji wa kimaeneo, mambo huwa magumu zaidi. Nimewasikia vijana wengi wa mitaa hii wakieleza kwamba wakijitokeza Nairobi huambiwa waende kwao, na wakienda "kwao" huambiwa hawajulikani. Methali yasema mcheza kwao hutunzwa. Basi huyu kwao ni wapi?

Tena tukumbuke kwamba sheria ya theluthi inazibana taasisi za umma peke yake, ilhali zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wenye kazi wako katika sekta isiyo rasmi. Wengi wa vijana wa Eastlands hawatafuti ajira katika wizara. Huamka alfajiri na kutembea hadi kwenye malango ya viwanda, wakamngoja nyapara atoke na kuwanyoshea kidole awatakao. Kidole hicho hakijapata kuhudhuria semina yoyote. Aghalabu humwelekea aliyemwamkia nyapara kwa lugha ya mama.

Tufanyeje basi? Jibu langu nalitoa katika kazi ambayo walimu wanaijua vyema. Insha ya mtihani wa taifa haisahihishwi kwa moyo wa msahihishaji. Kabla ya kazi kuanza, wasahihishaji hukubaliana kuhusu mwongozo wa alama, wakajaribia karatasi chache ili mikono ilingane, na wakubwa wao wakarudia baadhi ya karatasi kuhakikisha kwamba hakuna aliyepotoka. Hatuwaambii wasahihishaji wawapende watahiniwa wote. Tunawanyima nafasi ya kupendelea. Kazi nazo zitolewe kwa njia hiyo hiyo: maswali na alama za mahojiano viandikwe kabla mtu wa kwanza hajaingia, kila mwombaji aulizwe yale yale, na sababu za kumchukua mmoja na kumwacha mwingine ziwekwe katika maandishi.

Pili, katika mchujo wa kwanza, majina, mitaa, makabila na kaunti za waombaji vifichwe. Habari hizo zihifadhiwe kando kwa ajili ya hesabu za mizani, zisiwe mbele ya macho ya anayechuja. Tatu, nafasi zitangazwe waziwazi mahali vijana walipo: katika afisi za machifu, makanisa, misikiti na kumbi za kijamii za mitaa, hata nafasi za vibarua. Nne, ukaguzi wa ajira uhesabu pia mahali mtu alipokulia na shule aliyosomea. Sisemi tuache kuhesabu makabila, kwani ukabila hupenda sana giza. Nasema tuongeze safu ya pili katika daftari, ili wazaliwa wa mji nao wawe na mahali pa kuandikwa.

Wanafunzi nao wajue kwamba hawako mikono mitupu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri yeyote, wa umma au wa kibinafsi, kumbagua mfanyakazi au mwombaji kazi kwa misingi ya jinsia, lugha, dini, ulemavu, asili ya kabila au asili ya kijamii. Zaidi ya hayo, mwajiri akishtakiwa, ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Yatazameni maneno hayo: lugha, na asili ya kijamii. Mimi nayasoma kuwa yanaigusa lafudhi ya Kariobangi na anwani ya Dandora sawasawa na yanavyoligusa jina la ukoo. Yanangoja mtu wa kuyatumia.

Walimu tuna wajibu wetu pia. Tuwafundishe vijana Kiswahili sanifu na Kiingereza fasaha, kwa kuwa ni silaha za kazi, ila tusiwafundishe kuionea haya lugha waliyokulia nayo, maana anayejidharau humrahisishia kazi anayemdharau.

Semina ziendelee kwa wenye kuzitaka. Chai ya hoteli haijamdhuru mtu. Lakini haki ya kijana aliyesimama nje ya lango haiwezi kungoja nyoyo za walio ndani zitakate. Taifa lililoweza kupanga ubaguzi kwa kanuni, mshahara kwa mshahara na mtaa kwa mtaa, lina uwezo wa kupanga haki kwa njia iyo hiyo. Na kazi hiyo ianze kwa fomu isiyomuuliza mtoto wa Eastlands babu yake alizikwa wapi.